Bingwa wa Ghorofa ya Tatu

Jumatatu, 3 Machi

Mguu umevunjika. Kifundo cha kulia, plasta hadi gotini. Daktari aliuliza nimeumiaje. Nikamwambia: ushindi. Nilikuwa nimemfunga Konda dama mbele ya watu wote, nikapanda juu ya benchi, nikaruka kwa furaha, nikatua ndani ya ndoo ya kinyozi. Daktari hakucheka. Amesema nisikanyage chini mpaka anione tena.

Nakaa ghorofa ya tatu. Lifti hakuna. Mke wangu anashinda posta, kwa hiyo amemleta mama yake aniangalie. Mama mkwe! Mbele yake siwezi hata kujikuna kwa uhuru.

Lakini hilo si neno. Neno ni kiti. Bingwa wa dama wa mtaa huu hakai benchi. Anakaa kwenye kiti cha zamani cha kinyozi, kile cha ngozi kinachozunguka, mlangoni pa saluni hapo ng'ambo ya barabara. Mwaka mzima kimekuwa changu. Sheria yetu inajulikana: kila Jumamosi bingwa anacheza na anayemtaka, na asipotokea, kiti kinakwenda. Konda, mstaafu wa mabasi, amenipigia simu ya pole. Mwisho wa pole akauliza kama kiti huwa kinatiwa mafuta. Nimekata simu. Kiti hakitoki!

Jumanne, 4 Machi

Nimeamka na ari. Mtu akilala tu anaoza. Nikaketi kwenye sofa, dumu la maji kila mkono, muziki kwenye simu. Juu, chini. Juu, chini. Nilianza kuuona msuli. Kumbe kifuniko cha dumu la kushoto hakikukazwa. Maji yote kwenye kapu la nyuzi za mama mkwe! Anafuma sweta. Nimeomba radhi mpaka mdomo ukakauka. Amesema si kitu, mwanangu, zikikauka utanisaidia kuzikunja. Niliitikia haraka mno. Kapu lile halina mwisho.

Mchana nikampigia kinyozi, maana ndiye mwamuzi. Nikamwomba nicheze kwa simu: mimi nataja, mtu ananisogezea kete. Akafikiri sana, nasikia mashine inanyoa. Amekubali, ila kwa kawaida yetu: kete za bingwa haziguswi na mtu baki. Atakayekaa mezani lazima atoke nyumbani kwangu. Mke wangu Jumamosi ana zamu. Watoto hatuna. Paka hahesabiki. Amebaki mtu mmoja. Nimevuta blanketi hadi kichwani.

Jumatano, 5 Machi

Nimepiga moyo konde. Unamwombaje mama mkwe akakae na wanaume wasio na kazi mlangoni pa saluni? Nikaanzia mbali. Nikasifu chai. Nikasifu sweta, ingawa mkono mmoja ni wa mtu mrefu. Nikasema hewa ya nje inafaa sana magoti. Akanitazama juu ya miwani, akaniambia niache kumpaka mafuta kwa mgongo wa chupa, niseme ninachotaka. Nikasema. Alicheka mpaka akafuta macho.

Amekubali! Kwa masharti: kila asubuhi nifanye mazoezi yake yeye, si ya madumu, na nyuzi zote zikunjwe.

Jioni nikamfundisha. Kete zetu ni vizibo vya soda: vyangu chali, vyake kifudifudi. Nilimweleza polepole, maana umri ule. Akauliza eti ni lazima kula kete inayolika. Nikamwambia ni lazima, mama, hata kama itakuponza. Akasema lo, mchezo mgumu huu. Nikamfunga mara zote. Anaweka kete pale pale ninapotaka. Maskini, tena anapiga miayo. Haidhuru. Kufikiri nitafikiri mimi.

Alhamisi, 6 Machi

Konda ana masikio makali. Nikitaja kete waziwazi atazisikia kwenye simu. Kwa hiyo nimebuni lugha ya siri: kete za kushoto ni kitunguu, za katikati kabichi, za kulia karoti. Hakuna wa kuifumbua.

Tumefanya majaribio, mimi roshani, mama mkwe jikoni. Mke wangu akarudi kutoka kazini akanikuta nimetoa macho, nampigia mama yake kelele: kitunguu, mama, kitunguu, usiogope! Ameuliza kama nimebadilishiwa dawa. Mama mkwe akamjibu kwa upole kwamba tunapanga mapishi.

Mazoezi yake yameniua. Kuinua plasta, kuishusha, kuinua. Yeye anafanya pamoja nami bila kuhema. Nimehema kwa niaba ya wote wawili.

Ijumaa, 7 Machi

Nimeazima darubini kwa jirani wa ghorofa ya pili. Kutoka roshani naona kila kitu, hata chunusi ya kinyozi. Nikasema Konda amekwisha! Papo hapo kinyozi akatoka na turubai jipya, akalitundika juu ya mlango. Kwa ajili ya jua, eti. Sasa naona miguu tu.

Miguu ya Konda naijua, ni soksi za njano. Amekuja na mto wa kukalia! Ameuweka kwenye kiti changu, akaupapasa, kisha akajitokeza uwazini akanipungia. Nikampungia kwa mkono wenye darubini. Imeanguka hadi ghorofa ya pili, kwenye suruali iliyoanikwa. Suruali ya mwenye darubini.

Jumamosi, 8 Machi

Siku yenyewe! Mama mkwe ameshuka na kapu lake, amevaa viatu vya kutokea. Mimi tangu asubuhi niko kwenye simu. Nimewapigia wenzangu wa shule, shangazi, fundi bomba, hata mtu niliyekosea namba yake. Wote nimewaambia leo watasikia habari.

Konda akaanza. Mama mkwe akaniarifu. Nikaagiza kabichi mbele. Simu ikazima. Chaji! Chaji yote nimeimaliza kwa kujisifu!

Lakini mimi si wa kukata tamaa. Nikajikokota hadi ukingo wa roshani nikaagiza kwa sauti. Ubao sikuuona, nilikisia. Karoti! Kitunguu! Kabichi, mama, kabichi! Muuza mboga akasimamisha mkokoteni chini yangu, akauliza ngapi. Nami nipo vitani. Nikapiga kelele: zote, mama, zote!

Ghafla vifijo. Watu wanaruka chini ya turubai. Soksi za njano zimetulia tuli. Wanaimba mama, mama, nikadhani ni mshangao tu. Tumeshinda! Nililia kidogo. Mlango ukagongwa. Muuza mboga, anatiririka jasho, na mboga za mkokoteni mzima mgongoni kwa mafungu.

Jumapili, 9 Machi

Chakula cha mchana, kabichi.

Kinyozi amekuja kunijulia hali. Konda alibanwa kona, amebakiwa na kete moja isiyo na pa kwenda. Nikasema asante, nilijipanga. Akakohoa. Amesema simu ilizima mapema, baadaye nikaonekana nanunua mboga, na mama hakuinua uso hata mara moja, alikuwa anafuma akisubiri Konda afikirie. Aliyecheza ni yeye. Kiti ni chake. Ameshakikalia na kukizungusha.

Kumbe mama mkwe alikuwa akicheza na marehemu mumewe miaka yote ya ndoa yao, na hakuwahi kumwachia! Nikamuuliza mbona mimi namfunga kila siku. Amesema mtu hamwaibishi mkwewe, tena mgonjwa, tena kwake. Masikio yaliniwaka moto kwa haya. Mke wangu akasema afadhali nimepata funzo. Nikakiri nimelipata.

Jioni nikamwomba mama mchezo mmoja, tushindanie kiti. Alinitazama, akaitazama plasta, akasema haya, mwanangu. Nimemfunga! Nimemfunga bingwa! Kete zake zimejileta zenyewe mdomoni! Nimepanda juu ya sofa na

Jumatatu, 10 Machi

Kifundo cha kushoto. Nilitua juu ya donge la uzi nililolikunja mwenyewe. Daktari aliuliza nimeumiaje. Nikamwambia: ushindi.

Nimempigia kinyozi kudai kiti changu. Amesema mchezo wa nyumbani hauhesabiki, nimkabili mama mkwe Jumamosi mbele ya watu. Vema! Nitacheza kwa simu. Simu iko kwenye chaji tangu sasa. Kete zangu lazima zisogezwe na mtu wa nyumbani, na mke wangu ana zamu tena. Nimemwomba mama mkwe. Amekubali kunisogezea, huku akizisogeza na za kwake.

Ila mpinzani asijue mipango yangu. Ile lugha ya mboga ilikuwa na kasoro. Nimebuni mpya ya matunda, na tangu asubuhi namfundisha mama mkwe. Anashika haraka.