Laiseni ya Kuhuzunika

Nimeaibika leo, jamani. Si aibu ya kuteleza kwenye matope ukainuka ukajipangusa. Ni aibu ya kusimama mchana peupe, huko Cheptiret, mbele ya chifu na askari wake, na kukiri kwa mdomo wangu mwenyewe kwamba akili zangu haziko sawa.

Nawaandikia nyinyi walimu wenzangu wa stafurumu kabla hamjasikia kwa wengine. (Mtasikia. Cheptiret iko kando ya barabara ya Nakuru, na umbea haulipi nauli.)

Mnakumbuka niliacha chaki nikaja Eldoret kusomea shahada ya pili ya ushauri nasaha. Mnakumbuka pia mlivyocheka. "Shahada ya kusikiliza watu?" Haya, sasa nisikilizeni. Ili nipate hiyo shahada, lazima niwe na kundi la watu wenye majonzi, likutane kila Jumamosi mpaka muhula uishe. Kundi likivunjika, nimekwisha. Nitarudi kwenu kufundisha Kidato cha Kwanza, na mtacheka mpaka nistaafu. Leo kilikuwa kikao cha kwanza, na mhadhiri wangu alikuja kunipima.

Mhadhiri huyu tunamwita Dakta. Alisomea ng'ambo akarudi na koti lenye viraka vya ngozi kwenye viwiko (viraka vya makusudi, sisi huku tunavificha) na imani moja: mshauri haongozi. Haamuru, hakatazi, hatoi jibu. Kazi yake ni kumrudishia mtu hisia zake kama kioo.

"Ukiongoza, umeanguka," aliniambia tukiwa njiani. "Na usiogope. Penye ushauri ndipo mahali pekee katika nchi hii ambapo mtu husema ukweli."

Alisema hivyo baada ya kupandisha vioo vyote vya gari.

Tulikuwa tumeazimwa darasa la chekechea. Viti vilikuwa vya watoto. Nilivipanga kwa duara, kama kitabu kinavyotaka, kwa sababu duara halina mkubwa. Wakaingia watu kama kumi na wawili, wote waliofiwa siku si nyingi, wakaketi magoti yakikaribia videvu. Dakta alijibanza kwenye kona, chini ya picha ya Rais.

Wa kwanza kusema alikuwa Mzee Njoroge, mwenye duka la sukari na mafuta taa. Alifiwa na mkewe wakati wa kupanda.

"Mwalimu, sasa mbele ni wapi?"

Nikawa kioo. "Nasikia unatafuta mbele, Mzee, na huioni."

"Siioni. Ndiyo nauliza."

"Na jambo hilo linakusumbua."

"Halinisumbui! Mgeni wa heshima atakaa wapi?" Akamwelekezea Dakta fimbo.

Hapo akainuka Mama Jeruto. Ni mkulima wa mahindi, mjane, na ana sauti ya kuita ng'ombe walio ng'ambo ya mto.

"Hatuwezi kuanza ovyo ovyo kama kuku," akasema. "Kwanza maombi. Halafu tuchague viongozi."

Nilimtazama Dakta. Dakta akatikisa kichwa polepole: usiongoze.

"Nasikia mnataka viongozi," nikasema, kwa ile sauti laini niliyofundishwa.

"Umesikia vizuri."

Wakaomba. Maombi yalipita kwa wafiwa, yakaenda kwa mvua, yakamalizikia kwa bei ya mbolea. Kisha wakachagua. Mama Jeruto akawa mwenyekiti bila kupingwa. Mzee Njoroge akawa mweka hazina. (Hazina gani? Sikuuliza. Kuuliza ni kuongoza.) Akapatikana katibu, na naibu wa katibu, asije katibu akachoka. Duara langu likavunjwa, viti vikapangwa safu, meza ya mwalimu ikaburutwa, na mbele ikapatikana. Mimi nilipewa kiti cha mwisho, karibu na mlango, chenye mguu mbovu.

Mtu akapendekeza tununue sufuria kubwa za kukodisha kwenye matanga. Akaungwa mkono. Makofi.

Mama mmoja akaanza kulia kidogo. Nikachangamka! Hatimaye, hisia! Mwenyekiti akagonga meza. "Pole, mama. Lakini hiyo iko chini ya Mengineyo."

Nikamtazama Dakta tena. Alikuwa ameridhika kama mtu anayeonja chai ya mgeni.

Sasa fikirini mpita njia anasikia nini kutoka darasa lililofungwa siku ya Jumamosi: "mwenyekiti," "naunga mkono," na makofi. Nyakati zetu mnazijua: mkutano bila laiseni ya serikali ni kosa. Mtu huyo alifanya kile ambacho mtu yeyote mwenye watoto angefanya: alikwenda kuripoti. Mlango ukafunguliwa, akaingia Chifu, kaki imepigwa pasi mpaka inakata, na askari nyuma yake.

"Hii mkutano iko na laiseni?"

Mwenyekiti akaketi upesi.

"Nani ameita?"

Safu zote ziligeuka kunitazama. Hata naibu wa katibu.

Nikasimama. Nilikusudia kusema "shikamoo". Lakini mdomo huu, uliozoezwa kwa mwaka mzima, ulijisemea wenyewe:

"Nasikia una wasiwasi, Chifu."

"Wasiwasi? Mimi?" Akamgeukia askari. "Kwani serikali iko na wasiwasi?"

"Haina, Afande."

"Hawa ni watu wenye majonzi, Chifu," nikasema haraka. "Wanakutana waeleze huzuni zao."

"Huzuni gani? Nani ako na huzuni kwa lokesheni yangu?" Akaanza kukagua safu. "Wewe, mzee?"

"Mimi sina, Chifu," akasema Mzee Njoroge, ambaye juzi tu alilia dukani mpaka nikanunua sukari nisiyoihitaji. "Mimi nafurahi tu."

"Wewe, mama?"

"Niko sawa kabisa, Chifu." Huyu ndiye aliyekuwa akilia. Machozi hayajakauka.

"Na wewe?"

"Amani, upendo na umoja, Chifu!"

Safu nzima ikapona. Nimesoma vitabu vingi vya tiba, sijaona dawa inayofanya kazi upesi namna hiyo.

"Na wewe wa koti?"

Dakta akasimama. Nikapata nguvu. Huyu hapa mtu wa ukweli! Huyu hapa aliyesema nisiogope!

"Mimi ni mjomba wake," akasema Dakta, akininyooshea kidole. "Nimemsindikiza tu."

Mjomba! Ng'ambo yote ile, na shahada zote zile, arudi kuwa mjomba!

Chifu akakunja uso. "Kwa hivyo hakuna mtu ako na shida. Na mmejifungia. Na mko na mwenyekiti. Basi mnapanga nini?"

Askari akagusa pingu. Niliona shahada yangu ikitoka dirishani, na mimi nikiifuata mlangoni, mikono nyuma.

Mama Jeruto akainuka. "Chifu, wacha tuseme ukweli. Shida iko na huyu mwalimu. Hayuko sawa."

"Hayuko sawa aje?"

"Alikuwa anafundisha vizuri, akaacha kazi yake ya serikali akaenda kusoma tena. Sasa ukimwambia kitu, anakurudishia vile vile. Ukisema uko na njaa, anasema nasikia uko na njaa. Chakula haleti! Tumekuja kumfariji na kumwombea. Kwani kuombea mgonjwa kunataka laiseni?"

Chifu alifikiri. Nadhani alikumbuka wasiwasi niliousikia kwake. Akanisogelea, akanitazama jicho moja, kisha la pili.

"Mjomba, ni kweli?"

"Ilianza pole pole," akasema Dakta kwa masikitiko. "Ni vitabu."

"Kijana, ni kweli?"

Niliwatazama. Walikuwa wamebana pumzi, kila mmoja na boma lake na watoto wake. Mzee Njoroge alikuwa akinisihi kwa nyusi.

"Ndiyo, Chifu," nikasema. "Ninaumwa."

"Pole sana!" Sauti yake ikalainika kabisa. "Uko na bibi?"

"Bado."

"Unaona? Kitabu mingi, bibi hakuna. Kunywa maziwa ya mursik, ulale, uoe." Akawageukia wengine. "Haya, mwombeeni nikiona."

Wakaniketisha katikati kwenye kiti cha mtoto, wakanizunguka. (Duara! Sasa wamelijua!) Na ili kunitia moyo, kila mmoja akanisimulia yake. Mzee Njoroge akaniambia bado huweka vikombe viwili vya chai asubuhi, akashindwa kuendelea. Yule mama alilia mpaka akatosheka. Chifu alivua kofia akamtaja ndugu yake, akapenga kamasi. Huzuni yote niliyoitafuta ilimwagwa kichwani pangu, na mimi sikuruhusiwa kusema kitu, kwa kuwa mgonjwa hasemi.

Dakta naye alikuwa akiandika. Mjomba gani huandika?

"Safi sana," aliniambia garini, vioo vikiwa juu. "Umepita. Hukuongoza hata kidogo."

Lakini kabla hatujaondoka, Chifu alikuwa ametoa uamuzi wake, na hakuna mwenye kuupinga. Kundi limeruhusiwa kukutana kila Jumamosi, bila laiseni, mpaka nipone. Siku nitakayopona, mkutano uvunjwe.

Kwa hivyo msicheke. Na yeyote kati yenu atakayekutana na Chifu kabla ya mwisho wa muhula, tafadhali, kwa heshima ya urafiki wetu, amwambie kwamba bado niko vibaya sana.