Bomba Langu Limevaa Kuliko Wewe, na Maji Hakuna

Ndugu Kubatbek, Mkuu wa Maji wa kijiji chetu,

Huna haya. Umekaa ofisini unaota moto, na mimi Zuurakan, niliyekukata kamba ya miguuni siku ulipoanza kutembea, kama desturi yetu inavyotaka ili mtoto asijikwae maishani, nayeyusha theluji kwenye sufuria kama mchungaji aliyepotea. Ningejua miguu ile itakuja kupita getini kwangu bila hata kuuliza hali, ningekuacha na kamba yako.

Salamu ndizo hizo. Sasa malalamiko.

1. Wakati wa kuvuna viazi ulibandika tangazo: kila mwenye bomba uani alivike, lisigande. Sikuona haraka. Bomba lilitoa maji vizuri na halikulalamika baridi. Lakini asubuhi ile lilipokataa kutoa hata tone, nilitii papo hapo. Nililizungushia zulia la sufu nililokuja nalo nilipoolewa. Juu yake koti la manyoya la marehemu mume wangu. Kichwani kofia yake nyeupe, ile ya sherehe. Juzi mwalimu mzima aliliamkia shikamoo. Lilipokaa kimya akaondoka ananung'unika kwamba wazee wa nyumba hii wana kiburi.

2. Jirani yangu Anarkul bomba lake limevaa gunia tangu vuli, limefungwa kwa kamba ya mbuzi, na maji yanamwagika. Kila asubuhi ananipigia kelele juu ya uzio: "Zuurakan, lete ndoo! Langu maskini, lakini lina moyo!" Je, maji ya kijiji yanapendelea magunia?

3. Mchana jua linawaka. Barafu ya paani inadondoka, njia imekuwa tope, hata paka ameacha jiko. Kijiji kizima kinayeyuka isipokuwa bomba langu. Usiniambie ni baridi. Hapo kuna mkono wa mtu, na mwenye funguo za maji ni wewe.

4. Hili ndilo linaloninyima usingizi. Jumapili mjukuu wangu Azat anamleta bibi harusi kutoka Kochkor, pamoja na shangazi za huyo binti, wanawake wenye macho ya mwewe. Desturi unaijua: bibi harusi ataketi juu ya zulia langu la sufu, kisha atawamiminia wazee chai. Chai ya maji gani? Nimtume mtoni na shoka siku yake ya kwanza, shangazi wanatazama? Watasema, "Binti yetu hatumwachi kwenye barafu," wageuze gari, na Azat abaki kunikodolea macho mpaka nife.

Kwa hiyo naomba kwa heshima: njoo ulale uani kwangu, ulikumbatie bomba mpaka lipate moto. Mafuta ya mwilini unayo. Ukishindwa, harusi nzima naihamishia kwako. Bibi harusi atamimina chai yake ya kwanza mbele ya jiko lako, na akishaimimina hapo, ni mkwe wako. Umlishe wewe, ulee watoto wake wewe, na shangazi uwapokee kila sikukuu.

Msalimie mkeo Gulsun, mwambie maandazi yake ya mwaka jana yalikuwa mabichi katikati. Wasalimie mama yako, watoto, na yule mbwa wenu asiyejua kubweka.

Ni mimi, bibi yako wa kamba,
Zuurakan

Nyongeza: Anarkul amekuja kunicheka, akaliona bomba kwa karibu, akakaa chini kwenye tope kwa kicheko. "We Zuurakan! Kiangazi malishoni tunafunika siagi kwa sufu hiyo hiyo ili isiyeyuke. Si wewe uliyenifundisha? Sasa umeivika barafu koti, jua liipate wapi?" Nimemwambia anyamaze. Kisha tumelivua, tumefungua koki, tumelizungushia matambara ya maji ya moto kuanzia mdomoni kushuka chini. Limekohoa, limetema kipande cha barafu, na sasa samovari, birika langu kubwa la chai, inaimba.

Barua hii ichane. Ila zulia limelowa chapachapa, na uzio wako ndio wenye jua zaidi. Njoo ulichukue sasa hivi, ukalianike, uligeuze kila mara, na Jumapili asubuhi ulilete mwenyewe, limekauka.