Laptop ya Mahari

Jumatatu, tarehe 3 mwezi wa tatu
Liste ya mahari imefika kutoka mutaa wa Makomeno, kwa wazazi wa muchumba wangu Léonie. Mbuzi mbili, costume ya baba, suti kamili, na vitenge, pagne za mama. Sawa. Halafu mustari wa mwisho: laptop moja, nzima. Baba mukwe, Papa Zéphirin, ni mwalimu wa zamani, anataka kuandika historia ya ukoo wake. Daftari zimeisha dukani? Tunapeleka kila kitu Jumamosi. Léonie alinionya nisilete ujanja wangu. Ujanja gani?

Binamu yangu Sylvain alisema ninunue dukani, kwenye magasin, kule kuko garantie, ikiharibika wanabadilisha. Sylvain hana hata muchumba!

Jumanne, tarehe 4
Nimepata! Mutandaoni, nusu ya bei. Muuzaji anakaa mutaa wa Annexe, anaitwa Chance. Muntu mwenye jina kama hilo atadanganya nani? Niliuliza kama laptop iko nzito. Alijibu nzito sana. Basi, mashine ya kweli.

Jumatano, tarehe 5
Tulionana kando ya barabara. Hakushuka kwenye pikipiki, wala hakuizima. Niliomba tuwashe laptop kwanza. Alisema hapa njiani hakuna prise ya umeme. Nilitazama huku na huku. Kweli, hakukuwa na prise. Nikalipa.

Nyumbani iliwaka. Nikachomoa waya, ikazimika palepale. Sylvain akafungua vis, zile skrubu za chini. Mahali pa batri: kipande cha kigae, kimekatwa vizuri, kimefungwa na utepe wa scotch. Alicheka mpaka akakaa chini. Nilimupigia Chance. Alisema yeye alijibu swali la uzito tu. Nimetafuta kosa katika jibu hilo, sijaliona.

Ijumaa, tarehe 7
Sylvain anataka nimuambie Papa Zéphirin ukweli mapema. Hapana! Itabaki kwenye prise, hakuna atakayejua. Nimeifunga na papier cadeau, karatasi ya zawadi, ya rangi ya dhahabu.

Jumamosi, tarehe 8
Kwao kila kitu kinakaguliwa mbele ya familia zote mbili. Mbuzi zilifunguliwa midomo. Costume ilivaliwa. Laptop iliwaka, bamama wakapiga vigelegele. Kwa furaha nikatangaza kwamba inakaa masaa nane bila umeme. Nani alinituma?

Umeme ukakatika. Laptop nayo. Papa Zéphirin aliiinua, akaitikisa. Kigae kikagonga ndani. Aliuliza kitu gani hicho. Nilijibu ni programme.

Alisema mahari haijapokelewa. Turudi Jumamosi ijayo na mbuzi na laptop nzima, ama tusirudi tena. Léonie alikuwa analia jikoni, nilimusikia. Iliniuma sana, kweli. Ninamupenda.

Jumatatu, tarehe 10
Nimefikiri siku mbili. Laptop haina kosa, kosa ni la umeme! Usingekatika, leo Léonie ni bibi yangu. Nimeuza mbuzi zote mbili zilizorudishwa na kumutumia Chance pesa kwa simu. Anauza jenereta, imetumika kidogo tu. Sylvain sikumuambia, ana wivu.

Ila safari hii sikulipa kama mujinga. Nilikataa kutuma hata franka moja kabla ya kusikia jenereta inafanya kazi. Chance alinitumia sauti ya jenereta kwenye simu. Inanguruma vizuri sana, sawasawa na pikipiki yake.