Maharusi Wawili, Milango Miwili

Jumatatu, 20 Januari 2025
Shajara, niwie radhi. Miezi mingi sijakugusa. Mtoto haniachii mkono wa kuandikia! Ila leo lazima. Alhamisi sheria mpya ya ndoa inaanza Thailand nzima, na mimi na Rung tunaoana. Mke na mke, kwa muhuri wa serikali! Siku mtoto wetu Bua akilazwa hospitali, hakuna wa kumuuliza Rung yeye ni nani.

Tatizo ni mama zetu. Msafara wa harusi hutoka kwa bwana harusi, na kila mmoja anasema binti yake si bwana harusi. Mama Lamduan, mkwe wangu, kaapa: asipopokea msafara mlangoni kwake, ndoa hiyo haitambui. Mama yangu naye vilevile.

Jumanne, 21 Januari
Nimepata! Nimemnong'oneza Mama kwamba kina Rung wataleta msafara. Nikavuka daraja la mfereji unaotenganisha nyumba zao, nikamnong'oneza mkwe kwamba kina Mama ndio wataleta. Wote wamefurahi. Akili ninazo. Usingizi ndio sina.

Alhamisi, 23 Januari
Tumesaini! Rung kalia mpaka karani akampa kitambaa chake.

Kisha balaa. Ng'ambo hii, Mama kapanga wapwa zake mlangoni na mkufu wa dhahabu wa kuzuia msafara mpaka utoe bahasha ya pesa. Wanangoja. Ng'ambo ile, mkwe naye kapanga wapwa zake. Wanangoja. Ngoma kimya. Saa njema tuliyochaguliwa na mtawa inayoyoma. Rung akaniuliza, we mwanamke, umefanya nini tena? Nikasema labda kuna foleni. Foleni, kwenye kidaraja kile!

Bua akaamka, akaangua kilio. Mkwe akasikia kule kwake. Akavuka mbio, sinia la tambuu mkononi. Watu wake wakadhani ndiyo sherehe, wakamfuata na ngoma. Vigelegele!

Mama akamzuia mlangoni. Ehee, mkwe, kumbe bwana harusi ni nyie! Bahasha ya kupitia iko wapi? Mama Lamduan akamwambia asogee huko, mjukuu analia. Akapita na mkufu shingoni. Wakacheka mpaka wakashikana, viapo vimesahaulika.

Ijumaa, 24 Januari
Rung kaniapisha: kunong'ona basi. Nimekubali kwa moyo wote.

Sasa kila bibi anataka Bua alale kwake. Nimewakubalia wote wawili, usiku uleule, kila mmoja kwa siri. Dada Wan aliyeko Chiang Mai anitumie upesi: bembea mbili za kulalia mtoto, za rangi moja, vyandarua viwili vyenye picha za tembo, kofia mbili za sufu. Na mwanasesere mmoja, ukubwa wa Bua, anayelia.