Sikio Bovu Juu, Sikio Zima Chini

Miaka ile ya ruksa, Songea nzima ilikuwa imegeuka duka. Mwalimu aliuza mitumba, karani aliuza vitumbua, na asiye na cha kuuza aliuza maneno. Katika hao wa mwisho hapakuwa na bingwa wa kumshinda Daimu, mzaliwa wa Tunduru, mwenye ulimi mtelezi kama mlenda na shati lililopigwa pasi hata siku za mvua.

Asubuhi moja alikuwa mgahawani Mfaranyaki akipuliza chai yake, mara akamsikia mzee wa meza ya jirani akiwatangazia watu biashara ya ajabu.

"Nani anataka dawa ya sikio? Imebaki nusu chupa. Nzima kabisa, haijaharibika!"

Mzee huyo alikuwa Bartolomeo, mwenye duka kule Lizaboni, mtu bahili ambaye akikata mche wa sabuni hukwangua hata kisu. Sikio lake la kushoto lilikuwa likitoa usaha, akaandikiwa antibaiotiki ya matone. Maumivu yalipokoma katikati ya dozi, aliona ni ufujaji kuendelea kulimwagia dawa sikio lisilouma.

Daimu aliweka kikombe chini polepole. Mtu anayeuza makombo ya dawa yake, aliwaza, huyo atanunua hata kivuli chake mwenyewe. Akahamia meza ya pili.

"Shikamoo mzee wangu. Hiyo chupa usimpe mtu. Wallahi utajuta."

"Marahaba. Nijutie nini?"

"Inatakiwa Tunduru hiyo! Kule korosho zinapuliziwa salfa, vumbi linaingia masikioni, watu wanalia usiku na mchana. Kuna kampuni ya Wazungu inanunua mabaki ya dawa, inayachuja, inayarudisha sokoni yakiwa mapya. Wanatafuta wakala wa Ruvuma. Mtu mmoja tu."

"Mmoja tu?" Bartolomeo alivuta kiti.

"Mmoja. Awe mtu mzima, awe na duka, na asiwe mpenda maneno."

"Mimi sipendi maneno," alisema Bartolomeo, akatumia chai nzima kulieleza jambo hilo.

Mpango ulikuwa mwepesi. Kila nyumba ina kichupa cha mabaki juu ya kabati, lakini watu hawatoi kitu bure. Watabadilishana kwa sabuni na khanga. Bartolomeo atoe mali dukani, Daimu azunguke mitaani kukusanya. Sharti moja lilitoka kwa Bartolomeo mwenyewe.

"Mke wangu asijue. Mama Aidan ana maswali kama hakimu."

"Mzee," alisema Daimu, mkono kifuani, "mimi nilizaliwa bila masikio ya kusikia siri za watu."

Basi sabuni zikaanza kutoka kwa mlango wa nyuma wa duka. Zikafuata khanga, mafuta ya kujipaka, kandambili za rangi zote. Kwa upande wake Daimu alileta vichupa alivyookota majalalani, akavijaza chai ya rangi na kuvifunga vizuri. Bartolomeo alivipanga kwenye boksi nyuma ya magunia ya chumvi, akawa anavichungulia kama kuku anavyochungulia mayai.

Mali yote ililala ndani ya maboksi katika gesti ya Bi Chiku, Mfaranyaki, chini ya kitanda cha Daimu, ikisubiri lori la Tunduru. Lakini masika yalikuwa yamekaza. Barabara imekatika, malori yamenasa matopeni, na madereva wamegeuka wapangaji. Hapa yafaa tuwahurumie matapeli kidogo. Mfanyakazi wa serikali mvua ikinyesha hubaki nyumbani. Tapeli yeye hubaki na ushahidi.

Kwa kukosa kazi, Daimu alianza kujichokonoa sikio kwa unyoya wa kuku. Raha yake haisemeki. Baada ya siku chache sikio la kulia lilivimba, likapwita, likatoa maji yenye harufu. Akaenda mgahawani kutafuta faraja, akamkuta Bartolomeo amejifunga kilemba kama bibi harusi.

"Limerudi!" Bartolomeo alipiga kelele, maana hakuwa akijisikia. "Lile la kushoto! Limerudi na hasira!"

Daimu aliogopa kwa dhati. Akarudi chumbani, akatoa khanga moja mpya chini ya kitanda kwa ajili ya kulainisha foleni, akaenda zahanati.

Nesi aliyekuwa zamu aliitwa Sista Walburga, mwanamke mnene, mpole, mwenye macho yasiyoharakisha. Mganga alimulika sikio kwa kurunzi, akaona ngoma yake haijatoboka, akaandika dawa. Daimu akampenyezea nesi ile khanga chini ya meza.

"Zawadi ndogo, sista. Nisikae foleni ya dawa."

Walburga aliifunua. Pindoni palikuwa na uzi mwekundu alioushona kwa mkono wake mwenyewe. Khanga ile alimwekea mama yake mzazi, kwenye duka la mume wake, Lizaboni. Maana Sista Walburga wa zahanati na Mama Aidan wa Bartolomeo ni mtu yuleyule. Juzi tu alikuwa amekuta boksi la vichupa nyuma ya magunia ya chumvi, akanusa, akavimwaga vyote chooni akijiuliza ni mwehu gani anayetunza chai namna ile. Sasa alijua ni nani, na mali ya duka inakwenda wapi.

"Yesu na Maria, khanga nzuri," alisema. "Unakaa wapi, mwanangu?"

"Gesti ya Bi Chiku."

"Basi nitakuja mwenyewe kukutilia. Matone haya yana masharti."

Na kweli alikuja, asubuhi na jioni, kabla na baada ya zamu. Alinawa mikono. Alifuta usaha wa nje kwa pamba, bila kuchokonoa ndani. Alikishika kichupa kiganjani mpaka kipate joto.

"Ya baridi itakupa kizunguzungu," alieleza. "Haya, lala ubavu. Sikio bovu juu, sikio zima chini, kwenye mto. Tazama ukutani."

Alilivuta sikio juu na nyuma taratibu, akadondosha matone bila ncha ya kichupa kugusa sikio, ili uchafu usiingie kwenye dawa.

"Sasa tulia hapo, usigeuke, dawa ifike ndani. Ukiona unawashwa au usikivu unapungua, niambie mara moja. Na hiyo dawa usimpe mtu mwingine."

Daimu alitulia. Sikio moja limejaa dawa, la pili limezama kwenye pamba ya mto, macho yake yako ukutani. Dunia ilikuwa kimya kama msikiti saa nne asubuhi.

Ndipo Polikarp, mdogo wake Walburga, alipoingia pekupeku na gunia. Bi Chiku ndiye aliyemfungulia mlango, kwa sababu wanawe wote walizaliwa mikononi mwa Walburga. Polikarp alifungua boksi moja, akachota sabuni, akalifunga kama lilivyokuwa, akatoka. Jioni akachota khanga. Kesho yake kandambili.

Katikati ya dozi maumivu yalikoma.

"Sista, nimepona. Tuache?"

Walburga alipiga hesabu. Angekubali, angepoteza nusu ya mali. Lakini hata bila mali asingekubali, maana alikuwa nesi kabla hajawa mke wa mtu.

"Kuna mzee wa Lizaboni aliacha hivyohivyo."

"Namjua!" Daimu alijilaza haraka, uso ukutani. "Tia, sista, tia. Maliza yote."

Akamaliza yote. Ndiye mgonjwa mtiifu kuliko wote waliopita mikononi mwa Walburga mwaka ule.

Siku mvua ilipokatika na lori la Tunduru likapiga honi, Daimu alimwita mchukuzi. Mchukuzi alikunja mgongo, akanyanyua boksi la kwanza kwa nguvu zake zote, nusura alirushe darini.

"Bosi, unasafirisha hewa?"

Daimu alifungua boksi, akafungua la pili, akafungua yote. Kisha akakimbia mpaka zahanati, akaingia bila hodi.

"Sista! Chumbani kwangu ulikuwa unaingia na nani?"

Walburga alichukua kurunzi, akamgeuza kichwa, akamulika sikio bila haraka.

"Limepona kabisa. Kwani umepoteza kitu? Sema kwa sauti, mwanangu, mume wangu naye asikie." Akaelekeza kidole kwenye benchi. Bartolomeo alikuwa amekaa pale na kilemba chake, akingoja zamu.

"Bwana Daimu!" Bartolomeo alipaza sauti kwa furaha. "Wazungu wamejibu?"

Daimu alimtazama mume, akamtazama mke. Maneno, mali pekee aliyowahi kuimiliki kihalali, yalimwishia.

"Sijapoteza kitu, sista," alisema. "Nilikuja kushukuru."

"Shukuru Mungu. Na unyoya wa kuku uache kwa kuku."

Daimu alipanda lori akiwa mikono mitupu. Sabuni zile zilikwisha kupangwa kwenye kiduka kipya kule Mshangano, chenye jina la Walburga peke yake, na Polikarp nyuma ya kaunta.

Kule zahanati, Walburga alikuwa amekishika kichupa kiganjani, akikipasha joto.

"Safari hii dozi nzima, Baba Aidan. Nitakutilia mwenyewe, asubuhi na jioni. Lala ubavu. Tazama ukutani."

Bartolomeo alijilaza, kisha akakumbuka jambo.

"Funguo za duka unazo wewe?"

"Ninazo," alisema mkewe, akadondosha tone la kwanza.