Baba wa Kazi Aliyekula Firigisi

Kwaru, kwaru. Jogoo hajawika bado, lakini Domitila alikuwa tayari anakwangua majivu ya jiko la mkaa, nje ya vyumba vyake vya kupangisha mjini Bariadi. Huku anakwangua, anamsikitikia mpwa wake.

"Cheti kizuri, mwanangu. Lakini bila mtu wa kukushika mkono huko maofisini, hicho tutafungia maandazi."

Ndani ya chumba cha mwisho, mpangaji wake Kristofa alifumbua macho. Wapo watu wanaoamshwa na kengele ya kanisa. Yeye aliamshwa na shida za majirani. Domitila alipompitishia kikombe cha uji dirishani, kama alivyofanya kila asubuhi bila kuombwa wala kushukuriwa, Kristofa alikunywa akiwaza namna ya kuwasaidia vijana wa mkoa mzima. Moyo wa huruma ulioje!

Kabla ya saa ya chai, Mtandao wa Walezi wa Kazi Simiyu ulikuwa umezaliwa. Ofisi yake ilikuwa ndani ya simu. Na tumpe haki yake, mafundisho yalikuwa mazuri: kijana asitegemee mlezi mmoja, awe na wa kumfundisha kazi, wa kumfungulia mlango, na wa kumkemea akikosea. Neno la kweli halichagui mdomo. Kilichokosekana kwenye mtandao huo ni walezi tu.

Basi akamfuata Januarius, muuza nyama wa karibu na stendi, mwenye kitambi cha heshima na koti jeusi la kwaya.

"Kuanzia leo wewe ni mkurugenzi mstaafu."

"Wa nini?"

"Mkurugenzi haulizwi wa nini."

"Na nikiulizwa swali?"

"Kohoa. Halafu sema, 'Hilo tunalifanyia kazi.'"

Januarius alijaribu. Kilikuwa kikohozi cha serikali kabisa.

Mawindo yalikuwa kijijini Nkoma. Huko bibi mmoja, Nyanjige, aliishi na mjukuu wake Violeth, binti mwenye stashahada ya uhasibu aliyekuwa amesubiri simu ya kuitwa kazini mpaka akachoka kuichaji. Kristofa alimpata kwenye kundi la WhatsApp. Bibi hakuwa na fedha, ila alikuwa na maksai wawili wa kuvuta plau. Kristofa alitaka mmoja tu, maana hakuwa mlafi. Kwamba maksai mmoja halimi, na nyumba isiyolima haili, huo haukuwa utaalamu wake.

Walifika mshikaki, wawili nyuma ya dereva mmoja wa bodaboda, mkurugenzi mstaafu akilikumbatia koti lisipeperuke.

"Mwangaluka, mayu," Kristofa alisalimia, yaani umeamkaje mama, na hapo Kisukuma chake kikaisha.

"Mwangaluka, baba. Karibuni." Nyanjige aliwanawisha mikono, akaleta matobolwa, vile viazi vitamu vya kuchemsha na kukausha. Alichagua vipande laini akavisogeza kwa Januarius, kwa kuwa alikwisha kuona mapengo yake.

Kristofa alimtambulisha mkurugenzi, kisha akahubiri. Alieleza milango, mikono ya kushikana, ngazi za kupanda, na mwisho, kwa sauti ya kuumia, ada ndogo ya maksai.

"Sawa," bibi alisema. "Lakini wewe utakuwa nani wake?"

"Mlezi, mayu."

"Mlezi kama mjomba?"

"Zaidi! Kama baba. Baba wa kazi!"

"Na huyu mzee?"

Januarius alikohoa. "Hilo tunalifanyia kazi."

"Huyu ni babu yake," Kristofa alidakia.

Violeth alimvuta bibi nyuma ya nyumba. "Bibi, hawa watu siwaamini. Ukimtoa maksai tutalimia nini?"

"Nyamaza, mama. Mtu akisema ni baba, usimkatalie. Mwitie watu wamsikie."

Majirani waliitwa. Alikuja Shija, kamanda wa sungusungu, na vijana wake wa ulinzi wenye fimbo. Jogoo akachinjwa.

"Rudia, baba, wasikie," Nyanjige alisema.

Kristofa akiona watu ni kama moto umeona mafuta ya taa. "Violeth ni mwanangu! Shida yake, shida yangu! Shamba lake, shamba langu!"

Vigelegele vikapigwa. Kuku alipoiva, bibi alipiga goti akampa Kristofa firigisi. Aliimeza kabla haijapoa, akafuta midomo.

"Sasa mayu, ile ada."

"Ada gani?" Shija aliuliza.

"Ya ulezi. Maksai."

"Ada hulipwa mgeni, ndugu yangu. Baba analipwa na nani kwa kumlea mwanawe?"

"Mimi si baba hivyo..."

"Firigisi ni ya mwenye nyumba. Kama wewe si baba, umekula sehemu ya baba kwa uongo, na hayo sasa ni mambo ya sungusungu."

Vijana waliegemea fimbo zao, bila hasira yoyote.

"Mimi ni baba," Kristofa alisema kwa sauti nyembamba.

"Basi, baba, shamba lako la pamba lina magugu," bibi alimwambia kwa upole, na kumkabidhi jembe. Babu naye akapewa lake.

Walipalilia mpaka jua likazama, na kesho yake wakaamkia palepale. Mchana Nyanjige aliwaletea maziwa, akawapaka samli kwenye malengelenge ya viganja, akipuliza kama anavyopulizwa mtoto aliyeungua. Januarius hakuweza kuvumilia.

"Mama, mimi si mkurugenzi. Ninauza nyama."

"Najua, baba. Tangu umefika unamtazama maksai kuanzia pajani."

"Nisamehe."

"Nani hununua nyama yako?"

"Watu wote! Hakimu huja kwa maini. Bwana afya hula mbavu. Mhasibu mkuu wa kiwanda cha kuchambua pamba, yule mama mpenda supu, juzi tu amelia kwangu kwamba msaidizi wake kaacha kazi." Jembe likabaki hewani. "Violeth! Kavae viatu. Nakupeleka mimi mwenyewe. Akikupa nafasi ukafanya uzembe, nitakukemea mimi."

Kristofa alisikia yote hayo akiwa ameinamia mstari wa tatu.

Bodaboda iliporudi, Violeth alipanda katikati na Januarius nyuma yake. Nafasi ikaisha.

"Na mimi?" Kristofa aliuliza.

"Baba humtanguliza mtoto," alisema Shija. "Maliza mstari wako, kisha utembee."

Alipomaliza, Nyanjige alimsindikiza mpaka njiapanda. Alimvisha kofia ya majani asiungue na jua, akamfungia matobolwa ya njiani, na maksai wawili wakalia nyuma yao zizini.

"Nenda salama, baba. Usitutupe sasa. Pamba ikipasuka, uje ututembelee tena. Njoo na wenzako wa huo mtandao, shamba ni kubwa."