Fayawoli Yangu Ilivyoniumbua Msibani

Leo nimeaibika mbele ya jeneza. Nawaandikia nikiwa nyuma ya nyumba, nimekalia gunia la mahindi, kwa sababu ndani kuna watu ambao bado siwezi kuwatazama usoni.

Tumetoka kumzika Baba Mkubwa, mzee aliyenilea tangu niko darasa la pili. Mwanaye wa pekee, Dada Skola, anafanya kazi Muscat na mwajiri wake kamnyima ruhusa. Aliomba kitu kimoja tu: aonyeshwe uso wa baba yake kwa simu ya video kabla jeneza halijafungwa. Mimi, fundi wa ukoo, nikasema, "Hilo niachieni." (Kumbukeni hayo maneno.)

Mtandao wa nyumba yetu hapa Izia unapita kwenye mashine niliyoiunda mwenyewe kwa kompyuta mbili mbovu. Wenyewe wanaiita fayawoli. Inakaa mlangoni kama mgambo: hakiingii kitu wala hakitoki bila yenyewe kukikagua. Haina skrini, kwa hiyo nilimrekodi Baba Mkubwa ili ikimaliza kuwaka itangaze kwa sauti yake. Siku ya kurekodi nilikuwa nimekalia kiti chake cha mbao, naye akanipachikia neno la ziada mwishoni. Nilicheka, nikaliacha. Alipozidiwa na maradhi nikachomoa waya wa spika ili apumzike.

Basi leo. Sebule imejaa. Lori la jirani yetu Mzee Salumu liko nje likiunguruma, tayari kupeleka mwili Kaengesa kwa mazishi, na mawingu yameshatanda. Simu yangu nimeiegemeza kwenye stuli kando ya jeneza, Dada Skola anaonekana vizuri kabisa. Katekista anasema, "Sasa tumuage." Umeme ukakatika.

Ulirudi muda si mrefu. Mtandao haukurudi.

"Nipeni dakika mbili," nikasema. Zikapita mbili, zikapita na zisizokuwa zangu. Nikazima mashine, nikawasha upya. Kimya. Nikajaribu bando la simu, halikuvuta hata picha. (Ningeweza kuichomoa mashine kabisa na kuupitisha waya pembeni. Lakini ningeichomoaje mbele ya watu niliowatambia miaka yote?)

Shangazi Oliva, ndiye anayesimamia msiba, akanisogelea.

"Gaude, hilo dude lako linafanya nini?"

"Linawaka, shangazi."

"Linawaka tangu lini?"

Nikaomba nifunue TV niiunganishe na mashine, nione imekwama wapi. TV ilikuwa imefunikwa kanga tangu siku ya kifo, kama kwenye kila msiba.

"Msibani unataka kuwasha TV?"

"Si kuangalia, shangazi, ni kwa ajili ya..."

"Iache hiyo kanga."

Nikaiacha. Nikaingia kwa tumbo nyuma ya kabati inamokaa mashine, makalio nimewaachia waombolezaji. Nikapapasa gizani kama natafuta sindano. Kila waya uliokuwa unaning'inia nikauchomeka. Nikazima, nikawasha kwa mara ya tatu. Hapo ndipo nikausikia mngurumo wa diski yangu ya filamu, niliyoiweka humo kwa sababu tu nafasi ilikuwepo. Umeme ukikatika ghafla, mashine huikagua diski yote kwanza, ndipo ifungue mtandao. Kumbe muda wote huo ilikuwa inakagua filamu zangu za mapigano, moja baada ya nyingine, huku Baba Mkubwa amelala pale anasubiri. Na kila nilipoizima, ilianza kukagua upya. Ningetia mikono mfukoni tangu mwanzo, ingekuwa imeshawaka.

Ujumbe ukaingia, ule wa kawaida usiohitaji mtandao. Dada Skola. "Kaka, wameshafunga?"

Mzee Salumu akaingia. "Poleni sana. Lakini mvua ikitukuta njiani, lori halifiki." Shangazi akaitikia kwa kichwa. Katekista, amechoka kusimama, akavuta kiti cha mbao cha marehemu, akakaa. Akasema tuinamishe vichwa, tusali kimya, kisha tufunge. Wenye nyundo wakasogea. Nikainama nikilia. Nilijichukia kuliko ninavyoweza kueleza.

Sebule ikatulia. Ndipo ikatoka kabatini, hatua moja tu toka kwenye jeneza, sauti ya Baba Mkubwa, kavu na ya kuamrisha kama siku zote:

"Mtandao tayari. Na wewe, toka kwenye kiti changu."

Katekista alitoka. Sikumwona akisimama, nilimwona akiwa uani. Wenye nyundo walipita dirishani. Shangazi Oliva, aliyekuwa akitembea kwa kushikwa mkono, aliwapita wote mlangoni. Na mimi, niliyemrekodi kwa mkono wangu, nilikuja kujitambua niko zizini na nguruwe.

Nikarudi ndani. Sebuleni viti vimepinduka, jeneza limebaki peke yake, na kwenye stuli simu inaita. Nikapokea.

"Kaka Gaude, mbona kumekuwa kutupu?"

Nikamweleza yote. Kisha nikamshikia simu juu ya jeneza, akamwona baba yake, akamsemesha alivyotaka. Hapakuwa na mtu wa kumharakisha. Nikamtumia na ile sauti.

Nilipogeuka, Shangazi Oliva alikuwa mlangoni, miguu peku. Nilingoja anitukane.

"Kumbe ni ile ya mashine yako," akasema. Akacheka, kisha kicheko kikageuka kilio. "Izime. Uiwashe tena, na sisi tumsikie."

"Itachelewa, shangazi. Na mvua je?"

Mzee Salumu alitoka nje akazima lori.

Watu wakarudi mmoja mmoja, wakakaa. Nikaikatia umeme, nikaiwasha, tukaisubiri ile diski ikague filamu zote, na hakuna aliyeuliza itachukua muda gani. Kiti cha mbao kilibaki kitupu. Alipotutangazia, hakukimbia mtu.

Diski nimekatazwa kuitoa. Kwa hiyo mafundi wenzangu, msiniandikie namna ya kuifanya iwake haraka. Kucheka, chekeni. Ila mkija kutoa pole, msikalie kile kiti.